Wankuru Kwenye Benchi la Wanaume

Simu ilinikuta jikoni. Nafanya kazi katika hoteli moja ya watalii karibu na geti la Ikoma, na asubuhi ile nilikuwa nakaanga mayai ya wageni waliokuwa na haraka ya kwenda kuona nyumbu. Mwanangu Marwa alisema maneno mawili tu, "Mama, bibi," nami nikazima jiko. Kesho yake nilikuwa Nkende, Tarime, nimekaa kwenye mkeka katika chumba nilichoingia nikiwa msichana, na binti mmoja aliyekuja na waombolezaji kutoka Mwanza akaninong'oneza, akitaka kujua marehemu alikuwa nani wangu. Nikamwambia alikuwa mume wangu. Alinitazama kama mfiwa aliyechanganyikiwa, akanishika mkono, akasema pole dada, lia tu. Sikuwa na nguvu ya kumweleza, ila wewe unayesoma nitakueleza kwa ufupi. Kwetu Wakurya, mwanamke aliyekosa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, ili watoto watakaozaliwa wawe wa nyumba yake. Tunaiita nyumba ntobhu. Mwanaume anayeleta watoto hao hana jina wala dai katika nyumba hiyo. Wankuru alinioa hivyo. Mimi nilimwita Mama, na yeye aliniita Ghati, au akikasirika, wewe msichana. Mengine ya ukoo na mahari nayaacha, maana kila msiba una watu wa kuyahesabu hayo, na safari hii walikuwepo wa kutosha.

Chumba hakijabadilika sana. Bati ni lile lile, na matundu ya misumari aliyoikosea fundi bado yapo, kwa hiyo asubuhi jua linaingia kwa vitone, linatua ukutani, halafu linashuka taratibu mpaka sakafuni. Mwaka ule nilikuwa nalala nikivitazama vitone hivyo, Marwa kifuani na mimba ya pili tumboni, na mara nyingi sikujua kama niko macho au naota. Nikijaribu kuukumbuka, mwaka wenyewe hauji na miezi yake. Unanijia kama asubuhi moja ndefu yenye ukungu wa Tarime, ule unaokataa kuondoka hata watu wakishafungua maduka. Moshi wa jikoni unaingia chini ya mlango, unakuja na harufu ya udaga, muhogo wetu uliovundikwa, na ya ngozi ya ng'ombe tuliyolalia. Nje Mama anakohoa, anapiga chafya ya ugoro, anamgombeza kuku. Mwanamke yule aligombeza kila kitu chenye miguu, pamoja na meza. Nilipokuwa nimekaa pale msibani nilijikuta nasikiliza kama nitasikia chafya, na nilipokumbuka kwa nini sitaisikia, nililia kwa sauti mpaka binti wa Mwanza akaridhika.

Kuhusu chakula Mama alikuwa na imani moja tu: kiwe kingi. Aliyekaa kwenye mkeka wake hakuinuka mpaka amelegeza mkanda. Ugali wetu ulikuwa wa udaga na mtama, mweusi, mzito, na mboga pembeni ilikuwa ya kuonjea tu. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu, na ng'ombe wachache waliobaki baada ya kunioa walikuwa wamekauka maziwa. Mayai tuliyauza. Mimba yangu ilipojulikana, Mama aliniambia nimwachishe Marwa ziwa siku hiyo hiyo, kama walivyofanya wanawake wote niliowafahamu, kwa sababu tuliamini maziwa ya mwenye mimba yanamdhuru mtoto. Nikapaka pilipili. Alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama. Alilia, akaning'ang'ania nguo, kisha akachoka na kukubali ugali na uji mwepesi. Muda si mrefu mashavu yakajaa. Miguu nayo ikajaa, ikawa inang'aa. Mama alifurahi kupita kiasi, akawa anamnyanyua mbele ya wageni. "Tazameni miguu ya mwanaume huyu! Nani alisema nyumba ya mwanamke haina chakula?" Nami nilifurahi pamoja naye. Tulimsifu Marwa hata kwa upole wake, kwamba ukimweka mahali unamkuta pale pale, hadai kitu, halii, inzi wanatua mdomoni naye anawaacha. Nywele zake zilipoanza kuwa nyekundu na laini kama ndevu za mahindi mabichi, nilizifunika kwa kofia na sikumwambia mtu.

Lakini kofia ya mtoto haifichi kitu kwa wanawake. Siku moja nilikwenda bombani nikiwa nimechelewa, na kabla sijatokeza kwenye ua wa minyaa nikasikia wananizungumzia. "Yule mtoto kabemendwa," mmoja alisema. Anayejua neno hilo anajua lilivyo chafu. Maana yake mzazi ameshindwa kujizuia, amelala na mwanaume mtoto akiwa bado mchanga, na uchafu wa tendo hilo umemwingia mtoto kwa njia ya maziwa. "Ameolewa na ajuza," mwingine akadakia, "sasa haraka yote ilikuwa ya nini?" Wakacheka, na kicheko chao kilikuwa kizuri kabisa, cha watu wasiokuwa na ubaya na mtu asubuhi ile. Nilirudi na ndoo tupu. Mama alinitazama usoni, akaitazama ndoo, wala hakuuliza. Akaichukua. "Usiende tena bombani," akasema. "Nitachota mimi." Tangu siku hiyo bibi kizee yule alinichotea maji, na mimi kwa ujinga wa ujana nilidhani ni kwa sababu ya tumbo langu.

Wakati huo ndipo serikali ilipoleta unga wa lishe kwenye zahanati. Ulikuwa wa mahindi na soya, na ulitolewa pamoja na mafuta ya kula kwa wajawazito, kwa waliojifungua na kwa watoto wadogo waliodhoofika. Mtendaji alipita na kipaza sauti akitangaza. Mama alimsikiliza mpaka akapotea kwenye kona, kisha akasema, "Nyumba hii ina ugali. Hatuli cha serikali." Nilingoja siku aliyokwenda kuuza kuku Sirari, nikamfunga Marwa mgongoni nikaenda. Nesi aliitwa Sista Upendo, mgeni, msichana wa Iringa asiyenizidi sana umri, mwenye sauti ya upole na mikono ya haraka. Alimzungushia Marwa utepe wa rangi mkononi, akabonyeza miguu, akaacha kutabasamu. Alinipa unga na kuniambia nirudi baada ya wiki bila kukosa. Jioni Mama aliukuta mfuko chini ya kitanda. Akaunusa. Akatoka nao nje, akaumwaga wote uani, akawaita kuku. Walikula kwa furaha, wakagombania mpaka vumbi. "Unataka kupanga foleni na mtoto huyu," akaniambia akinipa mgongo, "watu wote wamwone?" Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia vibaya sana, na bado kila siku nilimpikia na kumpelekea maji ya kunawa nikipiga magoti.

Niliporudi zahanati, Sista Upendo aliuliza kama mtoto ameula unga. Nikamwambia umeliwa na kuku. Wanawake waliokaa kwenye mikeka wakaangua kicheko, lakini yeye hakucheka. "Nani anaamua chakula nyumbani kwenu?" Nikaivuta kofia ya Marwa. "Basi wiki ijayo uje na mumeo. Usiniambie amesafiri. Wanaume nao tunawafundisha, benchi lao lile pale. Mtoto huyu hana muda, Ghati. Umenielewa? Hana muda." Safari hii kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, maana kila mtu pale alimjua mume wangu isipokuwa yeye. Nilirudi nyumbani nikitembea polepole kando ya barabara, Marwa mgongoni mzito kama mfuko wa mchanga, na njia nzima maneno yale yalikuwa yananizunguka kichwani, hana muda, hana muda, na nyumba na miti vilikuwa vinapita kama mambo ya mtu mwingine. Nilipofika nilikuwa nimeshapata la kusema.

Mama alikuwa anapepeta mtama. "Nesi amesema niende na mume," nikamwambia.

"Mwambie hayupo."

"Amekataa. Amesema lazima mwanaume akae kwenye benchi. Kwa hiyo nitamwomba yule mwenyewe aliyemleta Marwa, akae."

Ungo ukasimama. Alielewa mara moja, na nilijua ataelewa. Mwanaume yule akikaa siku moja tu mbele ya watu na kuitikia kwamba mke ni wake na mtoto ni wake, kesho yake atakuja na wazee kudai, na ng'ombe wote aliowatoa Mama watakuwa wamekwenda bure. Nyumba yake ingekufa akiiangalia. "Unanitisha, wewe msichana?" akauliza. Nikamwambia ndiyo. Nilingoja kofi, halikuja. Alinitazama kwa muda, na sijui kama nakumbuka vizuri au natia chumvi, lakini nadhani niliona anataka kucheka. Akaendelea kupepeta. Siku ya zahanati ilipofika nilimkuta amesimama mlangoni amevaa koti la marehemu mumewe, jeusi, limemfika magotini, na fimbo mkononi. "Twende," akasema, "kabla jua halijawa kali."

Kwenye benchi la wanaume kulikuwa na baba wawili vijana walioona aibu, na Mzee Magige jirani yetu, aliyemleta mkwe wake. Mama alikwenda moja kwa moja mpaka pale. "Wankuru," Mzee Magige akamwambia, "hapa ni pa wanaume." Mama akampiga fimbo kidogo kwenye kiatu. "Basi sogea, mura, mwanaume mwenzako akae." Mura ni kijana, na Mzee Magige alikuwa na wajukuu wenye ndevu. Alisogea. Sista Upendo akatoka ndani na mizani yake, akamwamkia Mama kwa adabu.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Mume wa Ghati hakuja?"

"Unamwona hapa."

"Bibi, nauliza mume wake."

"Nimetoa ng'ombe mimi. Mtoto ni wa nyumba yangu. Sasa unamtaka mwingine wa nini?"

Sista aliwatazama wanawake, hakuna aliyemsaidia. Akamtazama Mzee Magige, naye akatikisa kichwa kukubali. "Ni kweli, nesi. Ndiye." Nadhani huko Iringa hawakumfundisha hilo. Alivuta pumzi, akaweka mizani chini. "Haya bibi," akasema. "Kama wewe ndiye mwenye chakula, basi ndiye niliyekuwa nakutafuta."

Alimkalisha Marwa mezani mbele ya benchi. Akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akaondoa kidole, na shimo likabaki. "Mnaona? Mtoto huyu hajanenepa, haya ni maji. Aliachishwa ziwa ghafla, akawa anakula ugali mtupu. Tumbo linajaa, lakini mwili una njaa. Miguu inavimba, uso unavimba, nywele zinakuwa nyekundu, mtoto anapoa, hataki kucheza. Ni kwashakoo." Mama alikuwa ameinuka. Akausogelea mguu wa pili, akaubonyeza mwenyewe, akaliangalia shimo la kidole chake kwa muda mrefu sana. Jua lilikuwa linaingia dirishani, na nakumbuka mkono wake mweusi wenye mishipa, na mguu ule mdogo unaong'aa, na jinsi kila kitu kilivyokwenda polepole.

"Na ngozi?" akauliza.

"Ugonjwa ukizidi inachunika, bibi. Kama ya mtu aliyeungua."

"Hapa? Mapajani?"

"Ndiyo, hapo. Umewahi kumwona mtoto wa namna hiyo?"

Mimi nilijua kwamba alizaa wavulana wawili na wote walikufa wadogo, hilo kila mtu Nkende alilijua, lakini walikufaje sikuwahi kuuliza. Halikuwa jambo la kuulizwa katika nyumba ile. "Si kubemendwa?" Mama akasema.

"Hapana, bibi. Hayo ni maneno ya watu. Hata maziwa ya mama mwenye mimba hayana neno, angeendelea kunyonya tu. Mtoto alikosa chakula cha kujenga mwili. Hakuna kingine."

"Chakula tu."

"Chakula tu, bibi."

"Na unga huu," Mama akauliza, "ulianza kuletwa lini?"

"Mwaka huu."

Akatikisa kichwa, akaendelea kukitikisa wakati Sista ameshaanza kueleza mambo mengine. Alifundishwa kupika uji ule pale pale kwenye sufuria ya zahanati, na mafuta yake, na jinsi ya kuongeza yai au dagaa waliosagwa, na alisikiliza kwa utii ambao sikuwahi kuuona. Sista akasema kwa bahati mtoto bado anataka kula. Akikataa tu chakula, akimbizwe hospitali siku hiyo hiyo. Uji ulipopoa niliunyanyua nimlishe Marwa. Mama akanipokonya kijiko. Akamlisha yeye, kijiko kimoja kimoja, akingoja ameze, akimpangusa kidevu kwa mkono wa koti. Alipomaliza alisimama, akawageukia wanawake kwenye mikeka, akasema kwa Kikurya na kwa sauti ya kuitia ng'ombe: "Ninyi mliosema mtoto wa Ghati kabemendwa, mmesikia. Alikosa chakula. Na mwenye chakula ni mimi." Kisha akajitwika mfuko wa unga kichwani mwake mwenyewe, na hatukupita njia ya nyuma. Tulipita katikati ya maduka, yeye mbele na koti lake, akisalimia kila mtu kwa jina.

Hapo ningependa kusema mtoto akapona, lakini uvimbe ulipoanza kutoka Marwa alibaki mifupa mitupu, na Mama alishikwa na hofu kuliko mimi. Alimbeba mwenyewe mpaka zahanati kwa hasira. "Unga wenu unamkondesha!" Sista akamweleza kwamba kwanza maji yanatoka, nyama inakuja baadaye, na kwamba alivyo sasa ndivyo alivyokuwa siku zote chini ya ule uvimbe. Mama alikaa kwenye benchi lake mpaka tunaondoka. Tuliambiwa pia uji ule ni wa Marwa na wangu, usigawanywe, na hilo lilimtesa sana, kwa sababu kwake kula mbele ya watoto wa jirani bila kuwapa ilikuwa ni sawa na wizi. Mwishowe akawa anapika sufuria mbili, ya unga wa zahanati kwa ajili yetu na ya wimbi kwa ajili yao, na asubuhi za ukungu jiko lilijaa watoto waliokaa wakingoja, wote na mvuke usoni. Mayai hayakuuzwa tena. Alinipikia yeye, akinisimamia, akinung'unika kwamba hajawahi kuona mwanamke mwenye mimba anakula yai, na kwamba mtoto atazaliwa na kipara. Kisha asubuhi moja nilikuwa nimelala navitazama vile vitone vya jua ukutani, nikasikia kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Marwa alikuwa amemshika jogoo mkia, na Mama alikuwa anawagombeza wote wawili.

Bhoke alizaliwa mvua zilipoanza, na hakuwa na kipara. Sista alimpima Marwa kwa mara ya mwisho, akasema amepona, unga sasa ni wa mama na mtoto mchanga tu. Mama alimshukuru kwa kumpelekea kuku mmoja wa wale walioshiba unga wa serikali. Ilikuwa ni siku chache baada ya hapo, alfajiri, nilipotoka kuanua nepi zilizosahaulika kwenye kamba. Ukungu ulikuwa mzito, sioni hata banda. Nikamsikia Mama nyuma ya nyumba, kwenye migomba, nikadhani yuko na kuku. Lakini hakuwa anagombeza. Ilikuwa sauti ndogo, ya mtu anayezungumza na watoto. Niliposogea nikamwona amechuchumaa chini, kiganja chake kwenye udongo, mahali ambapo kila siku nilimwona akipalilia na sikujua kwamba ni makaburi. Sikuthubutu kuondoka, maana angesikia nyayo zangu, kwa hiyo nilisimama na nepi mkononi nikayasikia majina ya wanawe kwa mara ya kwanza.

"Chacha," alikuwa anasema. "Nyamhanga. Kumbe mlikuwa na njaa, wanangu. Mimi nilidhani mmeshiba."